Karatasi ya Mama Mbithe

Sweta ya polisi ikiloa maji hunuka kama kondoo aliyenyeshewa. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo mpaka juzi, wiki mbili baada ya kumzika baba kule kwetu Kitui, nilipozitoa nguo zake kwenye sanduku la bati na kuanza kuzifua. Wadogo zangu walitaka tuzigawe hivyo hivyo, na vumbi lake. Nikakataa. Mimi ndiye kifungua mimba, na nikisema nguo za baba zitafuliwa kwanza, zinafuliwa. Basi nikaizamisha ile sweta ya buluu kwenye karai, harufu ikanipanda puani, na kabla sijajua linalonipata nikawa nimekaa chini nikilia, mtu mzima mwenye wajukuu, povu likinikaukia mikononi. Mke wa ndugu yangu alidhani namlilia baba. Nilikuwa namlilia, ndiyo, lakini nilikuwa nalilia pia mchana mmoja wa zamani ambao mpaka siku hiyo nilikuwa sijamsimulia mtu, hata mume wangu.

Wenzangu mliokulia kambi za polisi mnazijua zile nyumba za mabati za mviringo, ambazo jua la Ukambani likiziwakia unaweza kuchoma kiazi ukutani. Tulikaa humo mimi na baba peke yetu. Mama alibaki Kitui akilima na kulea wadogo zangu, mimi nikaletwa kwa baba nisome, na pia, nadhani, nimpikie ugali asife njaa. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, kando ya barabara ya Mombasa, si mbali na Salama. Askari walikuwa sita, mmoja katoka ziwani, mwingine pwani, wengine huko milimani, na kati yao wote aliyejua Kikamba ni baba peke yake. Hata hicho Kikamba chake kilikuwa cha Kitui, na wanawake wa sokoni walikuwa wakimwiga akishawapa mgongo, wakicheka mpaka machozi. Alikuwa akiwasikia na kuendelea na safari yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Nikisikia watu siku hizi wakizungumza juu ya polisi, huwa nanyamaza, kwa sababu polisi niliyemjua mimi si yule wanayemzungumzia. Baba alikuwa akisimama katikati ya lami siku ya soko, mkono juu, malori yamesimama, ili watoto wa shule wavuke. Alijua ni ndugu gani wanagombania mpaka, na alipita kwao hata kama hajaitwa, akakaa, akauliza habari za mahindi, akaondoka. Mbuzi akiibwa alifuata nyayo kwa miguu siku nzima. Aliniambia kwamba kazi ya polisi ni kuangalia jioni kama kila mtu amefika kwake. Nilimwamini, na jioni nikiwa nasonga ugali nilijaribu kuwataja kichwani watu wote niliowajua, nione kama wamefika.

Lakini barabara ile ilikuwa ikila watu. Na ikimla mtu wa vijiji vyetu, lazima mtu aende kuwaambia wenyewe. Aliyekwenda ni baba, kwa sababu ya Kikamba chake. Shida ilikuwa kwamba watu wakiona kofia ya polisi inapanda kilima walitawanyika, maana hakukuwa na boma lisilo na karubu kidogo, ile pombe ya miwa iliyokatazwa, imefichwa mahali. Unafika na habari nzito, unakuta kuku tu. Kwa hiyo baba akabuni njia yake: akawa ananichukua mimi. Polisi akija na mtoto wa kike amempakia kwenye baiskeli, alisema, hakuna anayekimbia.

Nakumbuka boma moja huko juu, njia ya kwenda Nunguni. Wanawake walikuwa wakipukuchua mbaazi na kucheka. Bibi mmoja alipotuona alivuta jerikani upesi akaikalia, akajipanga vizuri kama malkia. Baba akajifanya hakuona. Alivua kofia, akawaamkua mmoja mmoja, akauliza habari za mvua. Kisha akasema kwa sauti ya upole, "Kijana wenu ameumia kidogo huko barabarani. Yuko hospitali. Anaongea. Tafuteni wazee wawili tuende nao." Wanawake wakashika vichwa, lakini hawakulia, kwa kuwa kijana anaongea.

Tukiwa tunateremka, nikiwa nimekumbatia mgongo wa ile sweta, baba akaniambia kwamba yule kijana alikuwa amekufa pale pale, hata hospitali hakufika.

"Baba, si umesema anaongea?"

"Mwende, mtu haambiwi kifo akiwa mlangoni kwake peke yake," akasema. "Ataanguka nani amshike? Wazee watafika huko, wataona wenyewe, watarudi na watu. Hapo mama yake atakuwa na wa kumshika."

Hivyo ndivyo alivyofanya kila mara, na hivyo ndivyo nilivyofundishwa bila yeye kujua kwamba ananifundisha. Ameumia kidogo, yuko hospitali, anaongea. Kila nilipoyasikia maneno yale, siku ya pili au ya tatu boma lile lilikuwa limejaa watu na vilio. Na kwa akili zangu za darasa la nne nikatengeneza hesabu yangu mwenyewe. Niliona kwamba kabla hatujafika, watu wanacheka na kupukuchua mbaazi, na baada yetu kuna kaburi. Yule kijana, nilivyoona mimi, hakufa barabarani. Alikufa tulipofika.

Shuleni nao walikuwa wamefikia hapo hapo. Watoto wana ukatili wao. "Mwende, leo mnaenda kuua nani?" Wakiniona njiani kwao wanafunga lango la miti na kuniambia, "Pitia huko! Usikuje kwetu!" Kwenye dawati langu palikuwa na nafasi ya watatu tukikaa wawili, mimi na Mbithe. Mbithe hakuogopa kitu. Alikuwa na pengo mbele na alipenda kulitumia kunitemea maji tukiwa kisimani. Baba yake alikuwa taniboi wa lori la mizigo ya Mombasa, mtu wa kelele na vicheko, na lori lilipopita karibu na kituo alikuwa akining'inia ubavuni na kunirushia nazi akipaza sauti, "Afande mdogo! Shika!" Sikuwahi kuidaka hata moja. Tulikuwa tukizifukuza mtaroni mimi na Mbithe, na mama yake anatugawia sawasawa, kipande kwa kipande. Kwao ndiyo nyumba pekee ambayo mlango haukufungwa kwa sababu yangu, na nilijua vizuri kabisa nilichonacho.

Siku yenyewe ilikuwa ya likizo. Nilikuwa nimempelekea baba chakula cha mchana kwenye meza ya ripoti. Alikuwa peke yake, wenzake wamepeleka washtakiwa kortini na wengine wako doria, na askari wa zamu haachi meza hata nyumba ikiwaka moto. Simu ikalia, ile ya kuzungusha. Baba akasikiliza, akaandika, akauliza, "Anaongea?" Kisha akasema, "Sawa, sawa, atakuja," akaikata. Akavuta karatasi, akaandika haraka, akaikunja mara nne.

"Kimbia kwa kina Mbithe," akaniambia. "Mpe mama yake hii. Yeye anajua kusoma. Wewe usiseme kitu, umenisikia? Mpe tu. Landrova ya Kibwezi inapita hapa saa tisa ikienda Machakos, nitaisimamisha. Kimbia, mama."

Alikuwa akiniita mama akitaka kitu sana. Nikakimbia. Nilipofika penye mteremko nikaifungua ile karatasi, kwa sababu nilikuwa najua kusoma na sikuwa mtoto wa kuambiwa nisitazame. Naikumbuka herufi kwa herufi. "Mama Mbithe. Baba watoto ameumia. Yuko hospitali Machakos. Anaongea na anakuita. Fika hapa kabla ya saa tisa, kuna gari."

Anaongea. Nilikaa chini katikati ya njia. Niliyajua maneno hayo kuliko nilivyolijua jina langu. Kwangu yalikuwa na maana moja tu, kwamba yule mtu wa nazi amekwisha, na kwamba sasa mimi, bila hata baba, ndiye ninayekwenda kumuua. Nikaona mlango wa kwao ukifungwa. Nikaona nafasi ya dawati. Na nikawaza, na hili ndilo linalonichoma mpaka leo kwa vile lilikuwa na akili yake, kwamba karatasi isipofika hakuna litakalokuwa. Mama Mbithe ataendelea na kazi yake, Jumamosi itafika, lori litapita. Nikaisukuma ile karatasi ndani kabisa ya ua wa mkonge, kati ya miiba, nikaweka na jiwe.

Nilimkuta mama Mbithe amekaa kigodani akisokota nyuzi za mkonge pajani, kiondo cha nusu kiko miguuni pake. Aliponiona akafurahi.

"Mwende! Mbona unahema hivyo? Baba yako amekutuma?"

Aliniuliza. Mnaona? Hakuna aliyeninyima nafasi. Alinitazama usoni akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Nimekuja kucheza."

"Haya, basi kula kwanza. Mbithe! Leta isyo, mwenzako amefika."

Nikala. Mahindi na maharagwe yaliyopikwa na mama yule, nikala yote. Tukacheza kati na Mbithe kwa mpira wa makaratasi mpaka jasho likatutoka. Kutoka uwanjani kwao barabara ilionekana yote, na kwenye saa tisa niliiona Landrova ikija, ikasimama kituoni. Ilisimama sana. Nilimwona mtu mdogo wa buluu akitoka, akienda mpaka kando ya lami, akitazama upande wetu huku mkono ameuweka juu ya macho. Landrova ikapiga honi. Ikapiga tena. Mwishowe ikaondoka, na mimi nikamshukuru Mungu kwa moyo wangu wote, kama tulivyofundishwa kanisani.

Jioni baba aliniuliza kama nilimpa. Nikasema nilimpa, na kwamba mama Mbithe alipata lori njiani akaenda nalo. Sijui uongo ule ulitoka wapi, ulitoka umeiva. Baba akashusha pumzi. "Asante, mama. Umefanya kazi ya mtu mzima," akasema, na akaenda kuandika kwenye kile kitabu kikubwa cha matukio ambamo polisi huandika kila kitu, kwamba ujumbe umefika kwa mwenyewe.

Simu ya pili ilipigwa jua likitua. Nilikuwa nje nachambua mchele, nikamsikia baba akimwambia mwenzake aliyetoka doria, "Amefariki sasa hivi. Alikuwa anaongea mchana wote, maskini, anaita mke wake. Angalau mama Mbithe alimkuta."

Sinia la mchele lilinitoka mikononi. Nilianza kuokota punje moja moja kwenye mchanga, na nikaendelea kuokota hata pale zilipokuwa zimekwisha. Alikuwa anaongea kweli. Mara ile moja, katika mara zote, ilikuwa kweli. Ningesema wakati ule, lakini kusema kungesaidia nini, na mdomo wenyewe ulikuwa umefungwa kama wa mtu aliyekula udongo.

Asubuhi mama Mbithe akaja kituoni kwa miguu yake. Alikuwa na dereva wa lile lori, mkono wake umefungwa bandeji. Yeye ndiye aliyefika kwake alfajiri kumpa pole, na alishangaa kumkuta anawasha moto wa chai. Mama Mbithe hakuwa amejifunga leso kichwani. Nyuzi za mkonge zilikuwa bado zimemganda kwenye paja la gauni. Alisimama mbele ya meza ya ripoti, mimi nikiwa mlangoni, na hakulia. Ni afadhali angelia.

"Afande," akasema, "huyu anasema walipiga simu hapa saa saba. Anasema mzee aliniita mchana wote. Aliwaambia manesi wasifunge mlango, mke wake anakuja. Wewe ulikuwa wapi?"

Baba akafungua mdomo. Mkono wake ulikuwa tayari umekwenda kwenye kile kitabu, kwenye mstari alioandika jana. Kisha akageuza kichwa akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo, taratibu, mpaka mwisho. Halafu akakifunga kitabu, akavua kofia.

"Ni mimi, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba chake cha Kitui. "Simu ilikuja. Mimi ndiye sikukufikishia. Ni makosa yangu."

 Mama Mbithe akatema mate chini, pale pale kwenye sakafu ya serikali ambayo baba aliifagia mwenyewe kila asubuhi, akageuka akaondoka.

Baba hakunichapa. Mchana aliniita chumbani, akaniuliza swali moja tu. "Kwa nini, Mwende?" Nikamwambia, kwa kwikwi, kwamba nilijua amekufa, kwa sababu yeye mwenyewe husema hivyo hivyo kila mara, anaongea, na kila mara wamekufa, na sikutaka mama Mbithe afiwe. Baba akakaa kitandani. Mikono yake ilikuwa imelegea katikati ya magoti, na nikaona uso wake ukizeeka mbele yangu. "Basi ni mimi kweli," akasema. Nilitaka kumwambia si yeye, na sikujua jinsi.

Wakubwa wake walikuja wakasoma kitabu. Kuchelewesha ujumbe wangeweza kumsamehe, lakini kuandika kwamba umefika na haukufika, hilo polisi hasamehewi. Angeweza kunitaja. Nilikuwa mtoto, wasingenifunga. Lakini kunitaja kungefika kwa mama Mbithe kabla jua halijatua, na hilo hakulitaka. Wakampeleka kaskazini, huko kwa wafuga ngamia, na huko akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe. Mimi nikarudishwa Kitui kwa mama. Shule ilikuwa imefunguliwa kabla sijaondoka, na wiki ile ya mwisho Mbithe alihamia dawati la mbele. Sikumlaumu. Nilikaa peke yangu kwenye nafasi ya watatu.

Alipokuja likizo moja, nikiwa nimeshaolewa, baba aliniambia bila kuulizwa kwamba huko kaskazini, akimpelekea mtu habari, humwambia ilivyo. Aliyekufa amekufa, mzima ni mzima. "Akianguka, namshika mwenyewe," alisema. Hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kuyatamka juu ya jambo lile. Hatukuwahi kulizungumza tena, na sasa hatutalizungumza.

Nguo zilipokauka nilizikunja, nikawapa wadogo zangu, na kesho yake nikaenda Salama. Mama Mbithe bado yuko pale pale kilimani, mzee, macho yameanza kufunga ukungu. Mbithe ameolewa Kibwezi. Nilijitambulisha, binti ya yule polisi wa Kitui, na nikaona mikono yake, iliyokuwa ikisokota mkonge, ikisimama. Nikamwambia baba amefariki. Hakusema pole. Kwa hiyo nikamwambia na yale mengine, yote, ile karatasi, ule mkonge, ile isyo niliyoila nikiwa nimemfungia mlango wa mume wake. Niliyasema nimepiga magoti, nikijua kwamba napiga magoti nimechelewa maisha mazima.



"Ulikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Tisa, mwaitu."

"Tisa," akasema. Akapapasa hewani mpaka akapata kichwa changu, akakiwekea mkono, mkono mzito usiobembeleza wala kusukuma. "Alikuja hapa, unajua? Baba yako. Alipostaafu. Alikuja mara tatu, kutoka Kitui yote. Alikaa hapo nje, kwa jua, anasema tu, nisamehe, mwaitu, ni mimi. Hata mara moja hakusema ni mtoto."

Sikuwa najua. Hakuna nyumbani aliyejua.

"Sikumwambia karibu," akasema. "Mara zote tatu. Nilikuwa hapa ndani, namwangalia na tundu ya mlango, mzee wa watu, jasho linamtoka. Nikasema, acha aungue." Mkono wake ulikuwa bado kichwani mwangu. "Mbona hukuniambia yeye akiwa hai, Mwende? Ningempa hata maji."